Masahihisho kuhusu taya la Mjomba

Kabla hujaendelea kusoma nina ombi dogo. Weka kidole kimoja mbele ya kila sikio, halafu fungua mdomo polepole kama mtu anayepiga mwayo. Kama uko ofisini usiogope, watadhani ni usingizi wa mchana. Umesikia kitu kinazunguka chini ya kidole, kisha kinateleza kwenda mbele? Sasa funga. Kimerudi mahali pake.

Habari yangu ya leo iko hapo, chini ya vidole vyako.

Nimekuwa kimya kwa wiki tatu na wengine mmeanza kuniuliza kama nimeacha kazi, nimeoa au nimekamatwa. Hakuna hata moja. Nilikuwa na jambo la kuandika, nimekuwa nalo tangu Septemba 2022, na kila nikikaa kuliandika najikuta naandika kuhusu foleni za Dar. Magazeti yana kona ndogo iitwayo Masahihisho, ambayo huwekwa chini kabisa ya ukurasa mahali ambapo hata mwenye gazeti hasomi. Leo hii ndiyo kona yangu.

Mwezi huo wa Septemba 2022 niliandika makala kuhusu mtu aliyeugua saratani ya taya, akakatwa taya, akatengenezewa jingine kwa mfupa wa mguu wake mwenyewe, akarudi kazini. Kichwa cha habari kilisema: Ashinda saratani, arejea mnadani. Niliandika wazi kwamba mtu huyo ni mjomba wangu, hapo sikuficha. Makala ilipendwa. Watu walipiga simu chumba cha habari. Mhariri wangu, ambaye kusifia kwake ni kutokukugombeza, siku hiyo alininunulia chai.

Jumapili nikampelekea Mjomba nakala. Aliisoma yote, polepole, akiwa amekaa kibarazani na kikombe cha uji. Alipomaliza alilikunja gazeti, akamwita mkewe alete muhogo wa kuchemsha. Akaweka kipande mdomoni, akafunga meno. Akautoa muhogo, akanionyesha. Haukuwa na alama hata moja upande wa mbele. Meno ya juu yalikuwa yanashuka huku na ya chini yanapanda kule, kama watu wawili waliopeana ahadi ya kukutana Mnazi Mmoja, mmoja akaenda Posta.

Akaniuliza, kwa sauti yake mpya ambayo ni lazima uizoee ndipo uielewe: "Mjomba, huyu aliyepona ni nani?"

(Sisi wawili tunaitana mjomba, kama ilivyo kwa wengi wetu. Yeye ni mjomba wangu, na mimi ni mjomba wake.)

Basi nianze mwanzo.

Mjomba ni dalali wa samaki pale Feri. Kama hujawahi kufika soko la samaki la Magogoni alfajiri, nenda siku moja, lakini usivae viatu unavyovipenda. Utawaona wanadi wamesimama mbele ya samaki waliotoka majini muda huo, wakipandisha bei kwa kasi ambayo mtu mgeni hawezi kuifuata. Mjomba alikuwa mmoja wao kwa zaidi ya miaka 20. Wenzake walikuwa na sauti kubwa, lakini yeye alikuwa na sauti safi. Ungeweza kusimama mbali kabisa na ukasikia kila elfu. Kamisheni ya sauti hiyo ndiyo iliyonilipia ada kuanzia kidato cha tano hadi nilipovaa joho. Kwa hiyo nikisema nina deni kwake, sitafuti maneno mazuri. Ni deni.

Mwaka 2021 jino la chini kulia lilianza kulegea. Alikwenda zahanati moja ya mtaani, likang'olewa. Tundu halikufunga. Akapewa dawa za vidonda, halafu dawa nyingine, halafu akaambiwa asukutue kwa maji ya chumvi. Miezi ikapita. Kumbuka alikuwa mvutaji wa sigara tangu ujana. Mdomo wa chini ulipoanza kufa ganzi ndipo tukampeleka hospitali kubwa, wakakata kinyama kidogo kwenda kupima. Saratani ya fizi, imeshaingia kwenye mfupa.

Ndugu msomaji, hapa nisimame kidogo. Kidonda chochote cha mdomoni ambacho hakijapona kwa wiki tatu, au tundu la jino lisilofunga, si cha kusukutua kwa chumvi tu. Dai kichunguzwe. Hilo ningeliandika kwenye gazeti ningekuwa nimefanya kazi yangu. Sikuliandika, kwa sababu halikukaa vizuri kwenye habari ya ushindi.

Tuendelee. Ukoo ulikaa, michango ikapita kwenye vikundi vya simu, kiwanja cha Chanika kikauzwa, na Aprili 2022 tukawa Chennai, India. Nilikwenda mimi kwa sababu nilikuwa na pasipoti na nilikuwa na Kiingereza. Mjomba ana Kiswahili, Kizaramo, na Kiingereza cha kuhesabia pesa.

Siku moja kabla ya upasuaji daktari alituita. Mezani alikuwa na taya la plastiki, nakala ya taya la Mjomba mwenyewe, lililochapwa kwa mashine kutokana na picha za CT. Akaliinua. Akatuonyesha kwamba taya la chini ni mfupa mmoja wenye umbo la kiatu cha farasi, lakini umening'inia kwenye viungo viwili, kimoja mbele ya kila sikio. Vile ulivyovigusa pale mwanzo. Kila ncha ya taya ina kichwa kidogo kama cha kijiti cha ngoma, kinachokaa kwenye kishimo cha fuvu, na katikati yake kuna kisahani laini kinachozuia mfupa usisage mfupa. Ukianza kufungua mdomo kichwa kinazunguka. Ukiendelea, kinateleza mbele pamoja na kisahani chake. Na kwa kuwa mfupa ni mmoja, huwezi kusogeza upande wa kulia bila wa kushoto kujua.

Mjomba aliangalia akasema, "Ni mlango wenye bawaba mbili." Nikamtafsiria daktari. Akacheka, akasema ndiyo, ni hivyo hivyo.

Mpango ulikuwa huu. Watakata upande wa kulia wa taya kutoka karibu na kidevu hadi chini ya sikio, na wataacha kipande kifupi cha juu chenye kile kichwa cha kiungo, maana saratani haikufika huko. Pengo watalijaza kwa mfupa mwembamba wa mguu, ule ulio upande wa nje, nyuma ya muundi. Uzito wa mwili hubebwa zaidi na ule mfupa mkubwa, kwa hiyo mtu akitolewa kipande cha huu mwembamba bado atatembea. Watautoa na nyama yake na mishipa yake ya damu, wataukata vipande ili upinde kama taya, wataushikiza kwa bamba la titani na skrubu, halafu chini ya hadubini wataunganisha mishipa yake na mishipa ya shingo ili mfupa uendelee kuishi. Njia hii ya kujenga taya kwa mfupa wa mguu ilielezwa mwaka 1989 na daktari wa New York aitwaye David Hidalgo, na leo ni ya kawaida katika hospitali kubwa za dunia.

Mpaka hapo nilitafsiri vizuri. Kila neno.

Kisha daktari akaweka taya la plastiki mezani na akaongea kwa muda mrefu bila kuchukua kitu mkononi. Alisema kujaza pengo si kazi ngumu kuliko zote. Kilicho kigumu ni kuhakikisha kile kipande kifupi cha karibu na sikio kinabaki mahali pale pale kilipokuwa. Ndiyo maana bamba lilikuwa limekwisha kupindwa kwa kufuata taya la plastiki, na ndiyo maana wakati wa upasuaji watafunga meno ya juu na ya chini pamoja kwa waya, ili mume na mke wasisahauliane. Lakini kipande hicho ni kifupi, hakina meno ya kukiongoza, na misuli ya kutafunia inakivuta. Kichwa kikizunguka kidogo tu ndani ya kishimo chake, huku mbele kwenye meno kosa linakuwa kubwa. Na akasema: baada ya mionzi misuli itakakamaa, kovu litavuta, taya linaweza kwenda upande, mdomo unaweza kufunguka nusu. Kwa hiyo mazoezi yaanze mapema, mara tu atakaporuhusiwa, kila siku, kwa miezi, pengine kwa miaka. Akanipa karatasi yenye michoro.

Mjomba akanigeukia. "Anasemaje?"

Nikasema, "Anasema utakuwa sawa."

Hilo ndilo sahihisho la kwanza. Makala ya gazeti ni la pili.

Nimejiuliza sana kwa nini. Alikuwa amekonda. Kesho yake alikuwa anakatwa uso. Niliona nimpe neno moja la kulala nalo. Hayo yote ni kweli na hayatoshi. Ukweli mwingine ni kwamba mimi mwenyewe sikutaka kuyasikia, na mtu mwenye kalamu ana njia rahisi ya kutokusikia: anahariri.

Alikaa chumba cha upasuaji kwa saa 11. Siku zilizofuata, usiku na mchana, kila saa muuguzi alikuja na kifaa kidogo, akakiweka kwenye shingo, na tukasikia damu inavyopita kwenye mshipa mpya. Shuu, shuu, shuu. Kama bahari usiku ukiwa Kigamboni. Mjomba alikuwa na mpira puani wa kulia chakula na tundu shingoni la kupumulia, hawezi kusema, lakini kila sauti ile ikija alikuwa ananyanyua kidole kimoja kama mnadi anayepokea bei.

Mfupa ukashika. Saratani ikatoka yote, kwa kadiri ya vipimo. Mei tukarudi, na Juni na Julai alikuwa Ocean Road kwa mionzi, siku tano kwa wiki kwa wiki sita. Nilimsindikiza nilipoweza. Ngozi ya shingo iliungua, ladha ikapotea, mate yakakauka. Tulihesabu siku tu. Karatasi ya michoro ilikuwa kwenye bahasha ya pasipoti, kabatini kwangu, imekunjwa mara nne.

Agosti alianza kwenda Feri kusalimia. Nami nikaona habari. Nikamwita mpiga picha. Nikamwomba Mjomba asimame mbele ya fungu la vibua, anyanyue mkono, afungue mdomo kama ananadi. Nikamgeuza ili upande wa kushoto, ule mzima, ndio uelekee kamera. Alikubali kila kitu. Nikampongeza. Hakunadi hata samaki mmoja siku ile, na hajanadi tangu siku ile.

Nilipokuwa chuoni tuliwahi kufundishwa habari za Roger Ebert, mhakiki wa filamu wa Chicago Sun-Times, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1967 na mwaka 1975 akawa mhakiki wa kwanza wa filamu kupata tuzo ya Pulitzer. Mwaka 2006 saratani ilimpotezea taya la chini, na sauti, na kula, na kunywa. Madaktari walijaribu mara tatu kumjengea taya kwa mifupa na nyama kutoka sehemu nyingine za mwili wake. Mara zote tatu ilishindikana, akasema basi. Mwaka 2010 jarida la Esquire lilichapisha picha yake, uso ukiwa vile ulivyo, na yeye ndiye aliyekubali. Aliendelea kuandika mpaka alipofariki Aprili 2013. Mimi nilijibia mtihani habari za mtu huyu. Halafu nikamgeuza mjomba wangu upande wa kushoto.

Baada ya Jumapili ile ya muhogo nilikwenda kwa mhariri nikamwambia nataka tuchapishe masahihisho. Akauliza, umekosea jina? Hapana. Umekosea umri, tarehe, hospitali? Hapana. "Sasa unasahihisha nini?" Sikuwa na jibu la mstari mmoja, na kona ile ni ya mistari minne.

Nilichofanya ni kuitafuta karatasi. Tukaenda kwa daktari wa kinywa na taya hapa hapa mjini, akapima uwazi wa mdomo kwa rula. Milimita 16. Mtu mzima wa kawaida anafungua 40 na zaidi, vidole vyake vitatu vilivyosimama vinaingia. Chini ya 35, kwa mgonjwa wa aina ya Mjomba, huhesabiwa kuwa taya limekaza. Picha ya X-ray ikaonyesha bamba limekaa vizuri na mfupa umeshika, lakini kile kichwa kidogo cha upande wa kulia kimezunguka ndani ya kishimo chake. Kidogo sana. Daktari alinionyesha kwa ncha ya kalamu na bado sikukiona mpaka alipoweka picha ya kabla pembeni.

Niliuliza swali ambalo mnalitarajia: yangefanyika mazoezi tangu mwanzo? Akasema mfupa ungeweza kuzunguka vilevile, hilo hakuna ajuaye. Lakini kukaza kule, huenda kungekuwa kidogo. Akasema kurudia upasuaji kunawezekana, ila mfupa uliopigwa mionzi hauponi kama zamani, unaweza kufa na kuoza. Mjomba alitikisa kichwa kabla sijatafsiri. Safari hii ilikuwa Kiswahili, hakuhitaji mkalimani.

Kwa hiyo mazoezi. Unachukua vile vijiti bapa vya mbao ambavyo daktari hukandamizia ulimi, unavipanga vimoja juu ya vingine, unaviingiza katikati ya meno, unakaa hapo ukivumilia. Kila baada ya siku kadhaa unajaribu kupenyeza kimoja zaidi katikati. Mjomba alianza na vijiti 10. Halafu kuna la kioo: mkewe alichora mstari wa wima kwenye kioo cha kabati kwa wanja, na Mjomba anasimama mbele yake, anafungua mdomo akijitahidi kidevu kisiache mstari. Mwanzoni kilikuwa kinakimbilia kulia kama gurudumu la baiskeli iliyopinda rimu. Mara tano kwa siku. Wajukuu walikuwa wanasimama nyuma yake wakifanya pamoja naye, kwa hiyo katika nyumba ile ungekuta watu wanne wanapiga mwayo kwa kioo bila usingizi.

Vijiti 12. Vijiti 14. Akakaa kwenye 14 muda mrefu akataka kuacha. Sasa amefika 18. Bado hafikii kawaida na daktari amesema hatafika. Lakini kijiko kinaingia bila kugeuzwa, mswaki unafika nyuma, na ugali laini na mchuzi wa changu unalika, upande wa kushoto, ukimpa muda. Dakika 50 kwa sahani. Tumejifunza kutomwangalia.

Feri anakwenda. Anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na daftari, anaandika bei, na kijana aliyekuwa akimbebea matenga ndiye ananadi. Kijana akienda kasi Mjomba anagonga kalamu kwenye ndoo, naye anapunguza.

Wiki tatu zilizopita nilimwambia lile la Chennai. Nilikuwa nimejiandaa, nimeandika hadi vipengele, kama mtu anayekwenda kumhoji waziri. Nikamwambia daktari alisema moja, mbili, tatu, na mimi nikakwambia utakuwa sawa.

Aliendelea kupanga vijiti vyake. Kisha akasema: "Mjomba, yule daktari aliongea dakika kumi. Wewe ukatafsiri kwa pumzi moja. Mimi ni dalali, unadhani sijui mtu akikata bei?"

Nikamuuliza kwa nini hakuniuliza.

Akasema, "Siku ile nami nilitaka ya bei nafuu."

Hatukuzungumza zaidi. Akaingiza vijiti mdomoni, na mtu mwenye vijiti 18 mdomoni hujibu kwa macho tu.

Jana nilimsomea haya yote kabla ya kuyaweka hapa, maana safari hii sikutaka ayasome yakiwa yameshatoka. Amebadilisha mambo mawili. Niliandika samaki wa picha ile walikuwa changu, akasema ni vibua, siku hiyo changu hawakuwepo. Na mwishoni alinirudisha nyuma, akanyoosha kidole kwenye shavu lake la kushoto, akauma meno mara mbili ili nisikie yanavyogonga.

"Andika na hili," akasema. "Huku yanakutana."